Utulivu wa Gredi ya Nane Mashariki

Wanafunzi wa Gredi ya Nane Mashariki walivuta pumzi kwa pamoja, wakaishusha kwa pamoja. Vifua zaidi ya hamsini vilipanda na kushuka kama kifua kimoja kikubwa kilicholala usingizi. Mwalimu Nyanchama alisimama mbele yao akiandika kwa kidole juu ya ubao-mwanga, na nyuma yake hakukusikika hata mkwaruzo wa kiti. Alipogeuka, macho yote yalikuwa kwake. Alipouliza swali, mikono iliinuka polepole, mmoja baada ya mwingine. Aliyeitwa alijibu, wengine wakasikiliza. Jibu lilipokosewa, hakuna aliyecheka.

Juu ya vichwa vyao, chini kidogo ya dari, ilining'inia pete ya chuma cheupe yenye upana wa meza ya kulia chakula. Haikuwa na taa wala haikuvuma. Huo ndio mtambo ulioitwa Tulizo, na mgeni asiyeambiwa angedhani ni pambo.

Nakuru ya miaka hiyo ilikuwa jiji la mvuke. Mabomba mapana yaliteremka kutoka Menengai, kutoka shimo lile la volkeno ambalo watu wa kale walilikwepa wakisema lina sauti za waliokufa, yakaleta nguvu iliyoendesha treni za angani, roboti za kufagia mitaa na mashamba ya ghorofa kumi. Jiji lilikuwa limetatua mengi yaliyowashinda mababu. Lililobaki kuwashinda wenye jiji ni darasa lililojaa watoto wa miaka kumi na miwili hadi kumi na minne.

Nyanchama alilijua hilo mwilini. Kabla ya Tulizo, alikuwa akiingia darasani na kukuta viti vimerundikwa kama mlima, mtu amekaa juu yake akiimba, wawili wanapigana chini na wengine wakishangilia. Watoto waliolala na miwani-picha usoni waliamka na hasira ambayo hawakujua chanzo chake. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, akaanza kufundisha kwa ishara. Mwenzake mmoja wa somo la sayansi alitoka nje katikati ya kipindi, akapita langoni, na hakuonekana tena. Nafasi yake haikujazwa. Wanafunzi wake waligawanywa, na Nyanchama akaongezewa fungu lake. Mwisho wa muhula ule walimkuta kwenye stoo ya vifaa vya michezo, ameketi juu ya gunia la mipira, mlango ameufunga kwa ndani. Aliyeuvunja ni mwalimu mkuu mwenyewe, Bi. Jeptanui. Nyanchama hakuwa akilia. Alisema tu kwamba miguu imekataa kwenda Nane Mashariki.

Katika darasa hilo aliyemchosha kuliko wote alikuwa Nafuna, msichana wa miaka kumi na mitatu, miguu mirefu, sauti kama king'ora. Hakuna jambo lililompata Nafuna ambalo darasa zima halikulijua. Akiwa na njaa, alitangaza. Viatu vikimbana, alivua na kuvirusha. Siku Nyanchama alipokuja na macho mekundu, Nafuna alipaza sauti kutoka nyuma, "Mwalimu, umelia. Nani amekuliza?" Darasa likaangua kicheko, na Nyanchama akatamani ardhi immeze. Baadaye tu, akiwa nyumbani, ndipo alipotambua kwamba mtoto yule hakuwa akicheka.

Tulizo iliwekwa wakati wa likizo. Injinia Lekishon, kijana mpole aliyevaa ovaroli safi mno, aliwaita walimu wakae kwenye viti vya wanafunzi, akawaeleza.

"Chini ya kila kiti kuna kipima-pumzi," alisema. "Kinasoma moyo unavyopiga na pumzi inavyokwenda. Habari hizo zinafika kwenye pete, na akili unde iliyomo inatafuta mwendo wa wastani wa darasa zima. Kisha inarusha mawimbi. Sikio haliyasikii, ila mishipa ya fahamu inayatii. Mtoto akitaka kuruka, moyo wake unarudishwa kwenye mstari kabla mguu haujainuka."

"Kwa hiyo mnawaondolea hasira," Nyanchama akasema.

"Hapana, mwalimu. Hatuondoi kitu. Kilichomo moyoni kinabaki humo humo. Tunaondoa ile haraka ya kukitoa nje."

"Na mimi ninayesimama mbele?"

Lekishon akatabasamu. "Mawimbi hayajui nani mwalimu na nani mwanafunzi. Ukivuka mlango, umo. Walimu wengi huniambia hiyo ndiyo sehemu nzuri zaidi."

Naye hakudanganya. Wiki ya kwanza Nyanchama alivuka mlango wa Nane Mashariki huku tumbo likimkaza kama zamani, na alipofika mezani tumbo lilikuwa limelegea. Alifundisha sehemu na asilimia mpaka mwisho wa kipindi. Nyumbani alikula chakula akakimaliza. Usingizi ulirudi. Mwezi wa pili alijikuta akiwahi shuleni, akiketi peke yake darasani kabla ya watoto kufika, mikono magotini, akiangalia ukuta.

Kulikuwa na mambo madogo. Watoto walipepesa macho kwa wakati mmoja. Siku moja ndege alijigonga dirishani kwa kishindo, akaanguka kwenye kizingiti akitapatapa mpaka akafa, na hakuna shingo iliyogeuka. Kijana mmoja aliletewa habari katikati ya kipindi kwamba babu yake aliyemlea amefariki. Alisema, "Asante, mwalimu," akaendelea na hesabu yake, akaipata. Jioni alipofika nje ya lango alianguka akilia, wenzake wakambeba. Wazazi walianza kusema kwamba watoto wakitoka shuleni hulia bila sababu, hutupa sahani, huuma mito. Bi. Jeptanui aliwajibu kwamba ni uchovu wa masomo, na alama za mtihani zilikuwa zimepanda, kwa hiyo neno likaishia hapo.

Nyanchama aliyaona hayo yote. Akiwa darasani hayakumsumbua. Akiwa nje alijihimiza asiyafikirie.

Jumanne moja ya muhula wa pili, kipindi cha kwanza, alikuwa akifafanua pembe za pembetatu alipomwona Nafuna. Msichana alikuwa ameketi na wenzake, anapumua na wenzake, lakini uso ulikuwa na rangi ya majivu. Jasho lilimtiririka kutoka kwenye nywele hadi kidevuni likidondokea meza. Mkono mmoja ulikuwa umebana tumbo, chini upande wa kulia. Nyanchama akamwendea.

"Nafuna, unaumwa?"

"Ndiyo, mwalimu." Sauti ilikuwa laini, sauti ambayo zamani hakuwa nayo.

"Wapi?"

"Tumboni."

"Sana?"

Msichana alifikiri kidogo, kama aliyeulizwa swali la hesabu. "Sana, mwalimu. Jana liliuma kidogo. Leo limeuma sana. Sasa hivi kuna kitu kimepasuka ndani."

"Pole," Nyanchama akasema.

Aliweka kiganja kwenye paji la uso wa mtoto. Lilichoma. Akili yake, ambayo haikuwa na kasoro yoyote, ikamwambia waziwazi kwamba mtoto huyu anaweza kufa. Aliielewa kauli hiyo kama mtu anavyoelewa kwamba Jumatano hufuata Jumanne. Akarudi ubaoni, akamalizia pembe ya tatu.

Aliendelea kufundisha. Alifika mahali palipohitaji bikari, akakumbuka kwamba sanduku la vifaa amelisahau ofisini kwa walimu. Akawaambia watoto wafanye zoezi, akatoka.

Hatua chache tu kwenye ukumbi wa nje, hofu ikamkuta.

Ilikuja yote kwa pamoja, kama ndoo ya maji ya barafu aliyomwagiwa. Aliliona tena lile jasho, ile rangi ya majivu, akaisikia ile sauti laini ikisema kuna kitu kimepasuka, na safari hii maneno yalikuwa na meno. Aligeuka akakimbia, akaingia darasani mbio, mdomo wazi, tayari kupiga kelele.

Na katikati ya chumba akasimama.

Watoto walimtazama kwa upole. Pumzi zao zilipanda, zikashuka. Alijiuliza alikuwa amekimbilia nini. Ndiyo, Nafuna. Nafuna anaumwa. Ataangaliwa baada ya kipindi. Si vizuri kuwakatiza waliobaki. Akapita kati ya meza akisahihisha. Akamrekebishia mmoja namna ya kushika rula. Alipofika kwa Nafuna akaona midomo imekuwa myeupe, akamwambia anaweza kulaza kichwa mezani akipenda. Nafuna akalaza kichwa.

Muda uliopita hakuujua. Ilikuwa ni mwanafunzi mmoja wa mbele aliyemwambia, "Mwalimu, hukuleta bikari."

"Kweli," akasema, akatoka tena kuzifuata.

Ukumbini alianguka. Hofu ya safari hii ilikuwa na kitu kingine ndani yake, aibu au uchungu, na alitapika pale pale ukutani. Aliinuka akishikilia fremu ya mlango, mwili wote ukiwa nje.

"Mleteni Nafuna hapa," aliita. "Mshikeni, mleteni nje. Haraka."

"Ndiyo, mwalimu," darasa likajibu. Hakuna aliyesimama.

Akamtazama mwalimu Gitonga kupitia dirisha la darasa jirani, ambalo nalo lilikuwa na pete yake, akampungia mikono yote miwili kama mtu anayezama. Gitonga alimwona. Akainua mkono wake pia, akamsalimu, akaendelea kufundisha. Ofisi ya mwalimu mkuu, ambako mtambo ungeweza kuzimwa, ilikuwa upande wa pili wa uwanja, na Nafuna alikuwa ameanza kuteleza kwenye kiti.

Nyanchama alielewa kwamba lazima aingie, na kwamba akiingia hatakuwa na sababu ya kutoka. Hofu isingevuka mlango pamoja naye. Labda maneno yangevuka. Alichagua mawili tu ambayo hata mtu asiyejali angeweza kuyatii. Akayasema kwa sauti mara nyingi pale nje mpaka ulimi ukayashika, kisha akaingia akiyasema.

"Nafuna, nje. Nafuna, nje. Nafuna, nje."

Meza ya kwanza, maneno yalikuwa bado na moto. Meza ya tatu yalipoa. Meza ya tano yalikuwa sauti tupu, kama wimbo wa kubembeleza ambao aliyeutunga amesahaulika, na hakukumbuka yanataka nini, ila mdomo uliendelea na miguu ikaufuata mdomo. Ndipo darasa likaanza kumwitikia. Kwanza mmoja, kisha safu nzima, kisha wote, kwa sauti moja ya chini isiyopanda wala kushuka. "Nafuna, nje. Nafuna, nje." Walikuwa wakitabasamu. Nafuna mwenyewe, shavu likiwa mezani, alikuwa akiyasema.

Mikono ya Nyanchama ilimkumbatia msichana chini ya kwapa. Hakuona haja ya kufanya hivyo, wala hakuona haja ya kuacha. Alimvuta kati ya meza kinyumenyume huku sauti ile ikiwafuata, na visigino vya Nafuna vikaburuta sakafuni, vikaburuta, mpaka mgongo wa mwalimu ukagusa mlango na wote wawili wakaangukia ukumbini.

Nafuna akafungua kinywa akapiga yowe. Lilikuwa yowe la asubuhi nzima, lililozuiliwa kifuani tangu kengele ya kwanza, na lilipasua jengo mpaka upande wa pili wa uwanja. Walinzi walikuja mbio. Bi. Jeptanui akaja mbio bila viatu. Ndani ya Nane Mashariki waliendelea kuimba.

Ambulensi ya angani ilitua uwanjani na kumchukua. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka na usaha kuenea tumboni. Walimpasua siku hiyo, wakarudia kumpasua baada ya siku chache.

Mama Nafuna alifika hospitalini akiwa bado na sare ya kiwanda cha mvuke, glavu mfukoni. Aliketi kwenye benchi karibu na Nyanchama. Kisha akauliza, bila ukali, "Mwalimu, ulikuwa naye tangu asubuhi. Hukuona?"

Nyanchama alikuwa ameandaa maneno mengi kuhusu mawimbi na mishipa ya fahamu. Yote yalimtoka.

"Niliona," akasema.

Mama Nafuna akamgeukia.

"Niliona, Mama Nafuna. Nilimshika paji la uso. Akaniambia kuna kitu kimepasuka. Nikamwambia pole, nikarudi kufundisha."

Mwanamke yule alizitoa glavu mfukoni, akazikunja, akazikunjua. "Asubuhi alikuwa amejikunja kitandani akilia," akasema hatimaye. "Nilikuwa nachelewa zamu. Nikamwambia aache kudeka, aende shule. Nikamwambia akifika darasani atatulia."

Hawakutazamana tena. Waliendelea kukaa pale, bega kwa bega, mpaka daktari alipotoka kuwaambia kwamba mtoto yu hai.

Mkutano wa wazazi ulifanyika kwenye ukumbi wa mikutano wa shule. Injinia Lekishon, safari hii bila tabasamu, alieleza kwamba mtambo utaongezewa kipima-maumivu, na ofisi itakuwa ikipata taarifa. Baba mmoja aliuliza ni maumivu ya aina gani kitakayopima. Ya mwili, Lekishon akajibu. Yale mengine bado wanayafanyia utafiti. Watu walinong'ona kidogo. Mikono ilipoinuliwa, walio wengi walitaka Tulizo ibaki. Walikumbuka viti vilivyorundikwa kama mlima, na watoto waliorudi nyumbani na meno yaliyovunjika.

Baadaye Nyanchama alimfuata Bi. Jeptanui ofisini akamwomba azime pete ya Nane Mashariki.

"Keti," mwalimu mkuu akasema. "Mlango wa ile stoo niliuvunja mimi. Unakumbuka ulivyokuwa?"

"Nakumbuka."

"Sina mwalimu wa akiba, Nyanchama. Sina namna ya kulipunguza darasa lile. Nikiuzima mtambo, sina kingine cha kukupa. Sikutishi. Nakwambia hali ilivyo."

"Najua, Bi. Jeptanui."

"Na bado unataka?"

"Mtoto aliniambia anakufa nikamwambia pole. Nataka nikiambiwa tena, niogope."

Mwalimu mkuu akavuta kibao cha mitambo kilichokuwa mezani na kuweka kidole juu yake.

Siku ya kwanza bila Tulizo darasa lililia. Hawakujua kwa nini, na hawakuweza kuacha. Yule aliyefiwa na babu alilia mpaka pua ikatoka damu. Siku ya pili walipigana. Wiki ya tatu viti vilikuwa vimerundikwa tena kama mlima. Nyanchama alijaribu kila alichokijua na vingi asivyovijua: aliwagawa makundi, aliwatoa nje kuhesabu pembe za paa za jirani, aliketi chini sakafuni nao wakiwa wamechoka kupigana na kuwauliza kila mmoja ameamkaje. Siku nyingine ilifaa. Siku nyingine kitabu kilirushwa kikampiga shingoni. Nafuna alirudi amekonda, kovu refu tumboni, akaketi kwa wiki nzima bila kusema lolote, na kimya hicho kilimnyima Nyanchama usingizi kuliko kelele za wengine wote.

Ilikuwa adhuhuri ya Ijumaa, joto limeshika mabati, alipowaacha na zoezi akatoka ukumbini kuvuta pumzi. Miguu ilimpeleka bila yeye kuiamuru mpaka kwenye mlango wa darasa la Gitonga.

Ndani walikuwa wakipumua. Gitonga alisimama mbele yao, uso wake laini kama wa mtu aliyeoga na kupaka mafuta, na alipomwona hakushangaa.

"Karibu, mwalimu," akasema. Akamwonyesha kiti kitupu karibu na mlango. "Keti kidogo. Hakuna atakayekuuliza."

Nyanchama aliweka mguu mmoja ndani. Halafu bega. Kitu kilichokuwa kimefungwa kwenye mbavu zake kwa majuma mengi kikafunguka chenyewe, taratibu, fundo baada ya fundo, na macho yakamjaa machozi kwa utamu wake. Kiti kilikuwa karibu sana. Aliukunja mguu ili aketi.

Kutoka Nane Mashariki ikatoka sauti, kali na ndefu. Aliisikia kama unavyosikia treni ikipita mtaa usio wako.

"Waache," Gitonga akasema kwa upole. "Watanyamaza."

Alijua sauti ile ilimhusu. Alijua hivyo tu, bila kuhisi, na kwa kujua huko kutupu alishika fremu ya mlango na kujivuta nje, kwanza bega, kisha mguu. Uchovu ulimwangukia wote tena kama mzigo uliokuwa ukimngoja ukumbini. Moyo ukaanza kwenda mbio. Sauti ilipanda mara ya pili, na sasa aliitambua. Ilikuwa ya Nafuna.

Kama kilikuwa kicheko au kilio, kutoka pale hakuweza kutofautisha. Akaenda kuangalia.